Reli ya Vidole Vitatu

Kila anayeketi kwenye kiti changu cha kinyozi siku hizi ananiuliza habari za ile safari, na mimi sina uwezo wa kusimulia na kunyoa kwa wakati mmoja. Kuna mwalimu mmoja hapa mtaani anayetembea na kofia hata juani, kwa sababu nilifika kwenye kisa cha matanga mashine ikiwa juu ya kisogo chake. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Asomaye asome, kisha aje aketi nimnyoe kimya kimya.

Kwa wasionijua, mimi ni Etyang, kinyozi wa hapa Eldoret, mzaliwa wa Adungosi. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Kimoja nalala, kingine kina reli. Si ya kununua dukani. Nimeijenga mwenyewe kidogo kidogo kwa miaka, mfano wa ile reli nyembamba ya zamani inayopita Malaba, siyo hii pana ya juzi. Vyuma vyake ni spoku za baiskeli. Injini ina mota ya mashine ya kunyoa iliyokataa kunyoa, na bodi lake ni kopo la mafuta ya kupikia. Katikati ya chumba kulikuwa na mlima wa karatasi za mifuko ya simiti zilizogandishwa kwa uji wa ngano, na ndani yake handaki. Huo mlima ndio uliokuwa fahari yangu. Nilikuwa naweza kumaliza Jumapili nzima nikipaka rangi jiwe moja.

Sasa, Tata, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, aliteleza kwenye matope akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza akasimama, lakini kuishi peke yake hakukuwezekana tena, na katika wajukuu wote mimi ndiye ninayekaa karibu na kliniki. Chumba cha pili kilikuwa chake, hilo halikuwa na mjadala. Swali lilikuwa reli iende wapi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshachungulia dirishani mara moja, nikamfukuza kama mbwa aliyeingia jikoni.

Nikaamua nizunguke kwa wenzangu. Tuna kundi letu kwenye simu, watu wanaojenga reli nyumbani, na watatu kati yao wako pande za Busia na Malaba. Nilikuwa sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Nilisema nitambebea kila mmoja injini na mabehewa matatu kama kipimo. Yule ambaye injini yangu itatembea juu ya reli yake, huyo ndiye atakayerithi yote, kisha nitampitia Tata kwake Adungosi nije naye. Fundi mbao akanitengenezea sanduku refu la plaiwudi, akalipaka rangi nyeupe kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye mkebe. Nikalaza injini na mabehewa yake ndani juu ya blanketi, nikafunika sanduku kwa leso. Wala sikuliangalia mara mbili.

Eldoret mpaka Butula, pamoja na soda

Nilisafiri na Kibet, mteja wangu, dereva wa lori la soda. Kibet ni mtu mzuri sana na hafai kusafiri naye. Hawezi kumpita mtu anayemjua bila kusimama, na anamjua kila mtu. Webuye tulisimama akampa mtu pole. Bungoma tukasimama akampa mtu hongera. Kabla ya Mumias tulisimama kwa mwanamke mmoja wa kuuza mahindi ya kuchoma, na baada ya kula nikamuuliza Kibet huyo anamjulia wapi. Akasema hamjui, lakini sasa anamjua.

Tulifika Butula mvua ikiwa imeshatutangulia. Madam Nafula alinipokea barazani, mwalimu wa hisabati, mwembamba, mwenye kucheka kwa mabega. Aliniambia alikuwa akitarajia mzee wa miaka sabini, kwa jinsi ninavyoandika kwenye kundi. Reli yake haiko ndani ya nyumba. Inazunguka bustani ya mboga, inapita kwenye kunde, inakata kona nyuma ya banda la kuku na kurudi. Vyuma vyake ni zile tepe za bati za kufungia marobota ya mitumba, amezipigilia juu ya fito. Lakini siku hiyo nusu ya reli ilikuwa chini ya maji na kuku mmoja alikuwa amesimama stesheni kama abiria aliyeachwa.

Basi tukangoja maji yashuke. Tukala ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi unaokwenda chini na kukaa, kwa kunde na omena. Mume wake, mtu wa maneno machache, aliniongezea ugali kila nilipoangalia pembeni. Jua lilipotoka nikatoa injini yangu, nikaiweka kwenye reli ya Madam kwa mikono miwili.

Haikukaa. Magurudumu yalipanda juu ya vyuma yakabaki nje, injini ikakaa kwa tumbo kama kobe.

Hapo inabidi nieleze. Kundi letu lilipoanza, tuligombana juma zima juu ya inchi na milimita, mpaka karibu livunjike. Mwishowe tukakubaliana kipimo ambacho kila mtu anacho na hakuna atakayekikosa. Reli zetu ziwe na upana wa vidole vitatu. Kila mtu akaandika sawa, tukafurahi, tukaenda kujenga.

"Tulisema vidole vitatu," nikamwambia Madam Nafula.

"Na hivi ni vingapi?" akaniuliza.

Aliweka vidole vyake katikati ya vyuma, cha shahada, cha kati na cha pete, vimebanana, vyembamba kama vya mtu wa kushika chaki. Vilienea sawasawa. Nami nikamwonyesha vyangu. Mimi nikionyesha tatu nakunja cha shahada chini ya gumba, nabaki na cha kati, cha pete na cha mwisho, ndivyo nilivyoona watu wakionyesha tangu nikiwa mtoto. Kisha vidole vyangu vimenenepa. Tukaangaliana. Nikamuuliza ilikuwaje mwalimu wa hisabati akakubali kipimo cha namna hiyo.

"Rula iko shule," akasema. "Hapa niko nyumbani."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alikuwa mkweli. Aliniambia hata kama angeng'oa reli yake ajenge upya, mlima wangu wa karatasi ungekufa mvua ya kwanza. Nililala sebuleni kwao nikisikiliza matone juu ya mabati, na kwa mara ya kwanza nikaona huenda nikakosa.

Butula mpaka Burumba, juu ya mkokoteni

Busia nilifika asubuhi kwa lifti ya jirani yao Madam, nikaanza kuulizia mtu wa treni. Sijui nilitarajia nini. Wa kwanza akanionea huruma, akaniambia nimepotea, treni haipiti Busia, hiyo ni Malaba. Wa pili akaniambia vilevile na kuniitia pikipiki. Mama mmoja wa kuuza nyanya alinikalisha kabisa, akanipa maji, akaniuliza kama nyumbani wanajua niliko.

Kumbe aliyekuwa akinitafuta alikuwa umbali wa hatua chache. Ni mwanamume mwenye mkokoteni, ule wa kubeba magunia ya mahindi mpakani. Boss Wiki, mwenzetu wa Burumba, mtaa wa hapo hapo Busia, alikuwa amesikia naleta injini, akamtuma aje aibebe. Yule bwana alifunua leso akaangalia sanduku, kisha akaniangalia mimi.

"Boss, injini ni hii?" akasema. "Mimi nilidhani ni ya posho mill, ya kusaga mahindi. Nimeacha kazi."

Nilimwambia nitabeba mwenyewe. Akakataa. Alisema ametumwa kubeba injini na ataibeba. Basi tukavuka Burumba yote hivyo, sanduku langu jeupe peke yake katikati ya mkokoteni mkubwa, yeye akivuta polepole na mimi nikitembea nyuma. Wanaume wawili waliokuwa wakicheza drafti walisimama. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba, nikampungia mkono nikidhani ni salamu za huko.

Boss Wiki anatengeneza simu. Kijibanda chake ni chembamba, na reli inazunguka ukutani juu ya vichwa vya wateja kwenye rafu ya mbao. Treni inachukua simu zilizopona kutoka kwa meza yake ya nyuma na kuzileta mbele kwa wenyewe. Watu huja na simu nzima, wakidai ina shida, ili waione tu. Niliona mama mmoja akishangilia simu yake ilipotokea konani kama anapokea mtu kutoka Ulaya.

Nikapanda juu ya stuli nikaweka injini. Hii nayo ikatumbukia katikati ya vyuma, ikakaa ndani kama kwenye mtaro.

"Vidole vitatu," nikasema, nikiwa bado juu ya stuli.

"Si ndio," akasema Wiki, akaniwekea gumba, shahada na cha kati. "Ukihesabu, si unaanza na gumba?"

Nikashuka, maana ni kweli mtu akihesabu huanza na gumba. Alininunulia roleksi, ile chapati ya mayai ya kuviringishwa ambayo Waganda wametufundisha, tukala tukiwa tumesimama. Mwishowe akaniambia kwa upole kwamba kijibanda chake kimejaa mpaka dari na hana mahali pa mlima, lakini kama nataka, nimwachie mota. Alimaanisha wema. Mimi nilikasirika kuliko nilivyopaswa, kana kwamba mtu ameniomba figo ya ndugu yangu aliye hai.

Burumba mpaka Malaba, kichwa chini

Barabara ya Malaba inapita Adungosi, na mlango wa Tata uko karibu na barabara. Tangu avunjike, kazi yake ni kukaa barazani kuhesabu anayepita. Nilikuwa sijataka anione kabla sijapata pa kuiweka reli. Akiniona ataniita, nikiitwa nitaingia, nikiingia ataniuliza sanduku lina nini, na mimi sijui kumdanganya Tata. Kwa hiyo nikachukua pikipiki, nikaweka sanduku mapajani, nikamwambia dereva akifika Adungosi asisimame.

Dereva alikuwa mtu wa makamo, mpole, jaketi lake limefungwa mpaka kidevuni. Baada ya mwendo kidogo akapunguza kasi, akageuza kichwa.

"Mzee, ni yako?" akauliza.

"Ni yangu," nikasema.

"Pole sana."

"Ndiyo maisha. Nyumbani sina mahali pa kuiweka, naipeleka Malaba."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema Mungu ndiye anajua. Niliona ni mtu wa dini, nikakubaliana naye. Tulipokaribia kwa Tata nikainamisha kichwa, paji la uso likagusa leso, tukapita polepole kuliko nilivyotaka. Malaba alikataa nimlipe. Nilishangaa, lakini nikajisemea kwamba watu wa kwetu bado wana utu.

Malaba ni malori. Yanapanga foleni kungoja kuvuka, na madereva wamekaa chini ya malori yao wakifua, wakipika, wakilala. Katikati ya hayo yote kuna hoteli ya Dada Achieng', mwenzetu wa tatu, na ndani ya hoteli hiyo kuna reli inayopita juu ya meza zote, kutoka dirisha la jikoni mpaka mlangoni. Inabeba chumvi, pilipili na vijiti vya meno. Nilikuta dereva mmoja wa kutoka Kampala ameisimamisha kwa kijiko na jirani yake anamlalamikia kwamba anachelewesha mizigo kama forodha.

Achieng' ni mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa mpaka. Aliniita *ssebo*, kama Waganda wanavyomwita bwana kwa heshima, akanikalisha, akaniletea matoke na nyama kabla sijasema neno. Nikaweka injini juu ya reli yake. Ikapwaya vibaya kuliko kwa Wiki. Achieng' alikuwa amepima vidole vitatu, ndiyo, lakini ameviachanisha.

"Chakula kisimwagike," akasema. "Behewa jembamba litapinduka na pilipili, nani atafuta?"

Nikaanza kurudisha injini kwenye sanduku. Nilikuwa nimechoka na sikutaka kueleza. Lakini aliuliza kwa nini nimetoka Eldoret na sanduku, nami nikamweleza yote, ya Tata na nyonga na chumba. Alisikiliza akipangusa meza ile ile moja. Kisha akasema nilete yote, atang'oa reli yake ajenge upya kwa vidole vyangu. Malori ya kutoka Mombasa yanapita Eldoret kila siku, hatakosa dereva wa kuipakia. Nikamuuliza hata mlima? Akasema mlima ndio anautaka zaidi, atauweka kaunta.

Ndilo nililokuwa nimeliendea. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa kama mtu aliyeoza binti kwa watu wazuri na bado analia nyuma ya jiko. Nilimshukuru Achieng', nikamwambia matoke ni matamu, na sikuweza kuyamaliza. Usiku huo nililala chumba cha wageni cha huko huko hotelini.

Kurudi nyuma, Adungosi

Asubuhi nikachukua pikipiki nyingine. Tulipotokea kwa mbali nikaona turubai kwenye uwanja wa Tata. Nikaona moshi wa kuni nyingi, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kanisa.

Sijui nilishukaje kwenye ile pikipiki. Nilijua Tata amekufa. Nilijua amekufa jana, wakati mimi napita mlangoni kwake nimeficha uso. Nilitembea kuelekea pale na sanduku kifuani. Wanawake waliponiona wakapaza kilio. Na katikati yao, kwenye kiti kirefu alicholazimishwa na daktari, maana amekatazwa kukaa chini kwenye kigoda, niliona Tata mwenyewe, mzima, amejifunga kitambaa kichwani, analia.

Tata huniita mume wangu, kama nyanya wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao. Siku hiyo aliniita hivyo, lakini hakukuwa na utani ndani yake.

"Mume wangu," akasema, "kwa nini ulimpitisha mlangoni kwangu bila kuniaga?"

"Nani, Tata?"

"Mtoto."

Nikamwangalia. Nikaangalia watu. Wote walikuwa wakiangalia sanduku jeupe, refu, lililofunikwa kwa leso, nililolikumbatia. Hapo ndipo nilipomkumbuka dereva wa jana na pole yake. Kiswahili cha kwetu hakihangaiki na ngeli. Mtoto ni yangu, ng'ombe ni yangu, treni ni yangu. Alikuwa ameniuliza kuhusu marehemu na mimi nikamjibu kuhusu treni, tukaelewana vizuri sana, kisha akarudi Adungosi, kumbe ni mtu wa huko na ananijua, akawaambia watu kwamba Etyang amefiwa na hana hata mahali pa kuzika.

Nikamwambia Tata si mtoto. Hakunisikia. Katekista alikuwa ameshasimama na kitabu chake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama familia ingependa kufungua. Nikaliweka sanduku juu ya meza iliyokuwa imetandikwa kitambaa cheupe tayari. Mama mmoja akafunika macho. Nikatoa leso, nikafungua.

Watu wakasogea kuchungulia. Injini yangu ilikuwa imelala chali kwenye blanketi, na kopo lake la mafuta ya kupikia lilionyesha bado nusu ya picha ya alizeti upande ambao rangi haikushika.

Tata akainama kutoka kwenye kiti chake.

"Hii ndiyo ilikufa?" akauliza.

"Haijafa, Tata. Iko sawa."

Nikawasha swichi. Magurudumu yakaanza kuzunguka hewani. Sijui nani alianza kucheka, nadhani ni yule mama aliyefunika macho, lakini kicheko kilipita uwanja mzima mpaka jikoni, na wapishi wakatoka na miiko kuja kuona marehemu. Katekista alifunga kitabu akasema kwamba kwa kuwa chakula kimeshapikwa, basi tuombee chakula. Tukala atap, ugali wa kwetu, na kunde za karanga, na chai ya matanga ikanywewa kama ya arusi. Yule dereva naye alikuja. Alikaa mwisho wa benchi bila kuniangalia mpaka nilipompelekea sahani mwenyewe.

Watu walipopungua, Tata akanigusa mkono niketi karibu naye. Macho yake bado yalikuwa mekundu.

"Nilijua huna mtoto," akasema. "Nikasema, basi alikuwa naye na hakuniambia. Nikamlilia tangu jana. Sikumjua hata jina na nilimpenda."

Hilo liliniuma na bado linaniuma. Nilimwomba msamaha, na kwa kuwa sikuwa na uongo uliobaki, nikamweleza kwa nini nilipita bila kusimama. Nikamwambia kuhusu chumba, na reli, na Achieng' wa Malaba, na kwamba kila kitu kimepangwa, twende tu.

Akasema haendi.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alisema yeye hajawahi kulala mahali alipofukuza kitu cha mtu, na hataanza uzeeni. Nikamkumbusha kliniki. Akasema nyonga ni yake. Nikamwambia ataanguka tena na safari hii hatakuwa na mtu. Akasema majirani wapo, si nimewaona leo walivyo wepesi wa kuja? Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka. Nilikuwa nimepata pa kuiweka reli na sasa nilikuwa nampoteza yeye niliyemtafutia nafasi, na wakati ule sikuona njia yoyote. Alikuwa akinitazama nikifunga na kufungua sanduku bila sababu.

Kisha akauliza, "Hicho chumba, hakiwezi kuingia kitanda?"

"Hakiwezi, Tata. Mlima uko katikati."

"Mlima wa nini?"

"Wa treni kupita chini yake."

"Na chini ya kitanda kuna nini?"

Nikapima kwa mkono hewani. Akaendelea kunitazama. Nikamwambia kitanda changu kiko chini mno, treni haitapita. Akasema nesi wa kliniki amemsumbua miezi yote kwamba kitanda chake kiinuliwe, asiinuke kutoka chini, na kwamba matofali yapo hata Eldoret. Akaongeza kuwa kama mume wake angepima vitu kabla ya kuvibeba nchi nzima, angekuwa amekula chakula cha mchana nyumbani.

Adungosi mpaka Eldoret, na Tata

Tulikodi gari dogo, Tata akakaa mbele, kiti kimelazwa nusu, na kuku wawili miguuni ambao alikataa kuwaacha. Tulisimama mara nyingi kwa ajili ya nyonga. Kila tuliposimama alipata mtu wa kumsimulia jinsi nilivyomzika mtoto wa chuma. Nilitamani Kibet, maana yeye angalau huwa anasimama kwa mambo mazuri.

Nilimpigia Achieng' simu tukiwa Bungoma, nikamwambia nimebadili nia, anisamehe. Alicheka akasema alijua, aliniona nikila matoke yake kama mgonjwa. Nikamwambia mlima ni wake akiutaka bado. Handaki halina habari na vidole vya mtu.

Mlima niliukata mwenyewe na msumeno. Sitawadanganya, nilisimama mara mbili nikatoka nje. Ulitoka mezani mzima, mwepesi kuliko nilivyowahi kufikiri, na dereva wa lori aliufunga juu ya magunia ukaondoka mjini kichwa kimetazama nyuma. Achieng' amenitumia picha. Ameuweka kaunta kama alivyosema, na treni ya pilipili inapita ndani yake ikitikisika huku na huku.

Pale ulipokuwa mlima nikaweka kitanda, nikakiinua kwa matofali kila mguu. Meza ya reli nikaikata ikaingia chini yake. Treni sasa inaingia upande wa miguu ya Tata, inapotea, inatokea upande wa kichwa, inazunguka ukuta wa dirisha na kurudi. Kwa mara ya kwanza niliiendesha mchana baada ya chakula, yeye akiwa amejilaza kupumzika. Iliingia chini yake. Ikatoka upande wa pili. Nilizunguka kitanda nikaona amefumba macho, jua la dirishani limempiga usoni, mkono wake umeshika ubavu wa kitanda, anaisikiliza ikipita kwenye mbao. Nikadhani inamkera, nikanyoosha mkono kuizima.

"Funga pazia," akasema bila kufumbua macho. "Treni wacha iende."

Nikafunga pazia.